Kukata Mbuga: Msamiati wa Milima na Nyanda katika Safari ya Kutoka Wote hadi Kapiti

Utangulizi

Insha ya safari ni miongoni mwa tungo za kwanza ambazo mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa kuandika, na pia ni miongoni mwa zile anazoziacha mapema kabla hajazimudu. Mwanafunzi anapofika chuo kikuu huwa amekwisha kusoma nadharia nyingi za fasihi na isimu, lakini akiombwa aieleze nchi anayoipita kila anapokwenda likizo, msamiati humpungukia ghafla. Kila mwinuko huwa "mlima", kila ardhi iliyo sawa huwa "mbuga", na kila mwendo huwa "kupitia". Msomaji wa utungo wa namna hiyo hawezi kutambua kama msafiri yuko Ukambani, Usambara au Ugogo.

Makala haya yanalenga kuonyesha kuwa upungufu huo hautokani na uchache wa maneno katika Kiswahili. Maneno yapo, na kila moja lina mipaka yake. Ili mjadala usielee hewani, makala yanafuata njia moja inayojulikana: ile inayotoka Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, ikakwea vilima kuelekea Kola na Machakos, ikateremka hadi makutano ya Kyumbi, kisha ikaingia katika uwanda wa Kapiti na Athi. Aidha, makala yanadai kuwa uteuzi wa maneno ya mandhari si suala la mapambo tu. Katika historia ya nchi hii ya Ukambani, jina ambalo ardhi ilipewa limewahi kuchangia kuamua nani aitumie na nani aondolewe.

Kabla ya kuanza safari, jina la mji wenyewe linahitaji tahadhari. Katika sentensi "Abiria wote wa Wote wamepanda", neno la kwanza ni kivumishi na la pili ni nomino ya pekee. Katika maandishi herufi kubwa ndiyo inayoyatenganisha. Mwandishi asiyejali herufi kubwa humpotosha msomaji kabla gari halijaondoka stendi.

Umbo la njia

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni katika njia hii ni kuwa uwanda hauko chini. Watu wengi huwa na picha akilini kwamba milima iko juu na nchi tambarare iko bondeni, hivyo safari ya kutoka milimani kwenda uwandani lazima iwe ya kuteremka. Safari ya Wote inaikanusha picha hiyo. Mji wa Wote uko katika sehemu ya chini na yenye joto, karibu na mto Kaiti. Gari likitoka hapo hukwea hadi vilima vyenye mashamba ya ngazi, likapita Kola na Katumani na kufika Machakos. Kutoka Machakos huteremka kidogo tu, na ghafla nchi yote hufunguka mbele yake. Uwanda huo wa Kapiti uko juu zaidi ya Wote kwa kipimo cha kutoka usawa wa bahari.

Kiswahili kina namna ya kulieleza jambo hili bila utata. Nomino "uwanda" iko katika ngeli ya U-ZI, na wingi wake ni "nyanda". Kutokana na wingi huo tumepata istilahi "nyanda za juu" na "nyanda za chini", ambazo zinatumika sana katika vitabu vya jiografia nchini Kenya na Tanzania. Ni dhahiri basi kuwa uwanda hutaja umbo la ardhi, yaani usawa na upana wake. Hautaji kimo chake. Mwanafunzi anayeandika kuwa "gari liliteremka kutoka Wote hadi uwanda wa Kapiti" amekosea jiografia, na kosa hilo limetokana na kudhani kuwa neno "uwanda" limebeba maana ya "chini".

Majina ya miinuko

Kwa kawaida, wanafunzi hufunzwa kuwa "kilima" ni udogo wa "mlima", kwa kuwa kiambishi ki- hudunisha. Kanuni hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Mbele ya msafiri anayetoka Machakos, upande wa kaskazini, husimama Kilimambogo, ambao Wamaasai huuita Ol Donyo Sabuk, wenye kimo cha zaidi ya mita 2,100. Upande wa kusini, siku ambayo mawingu yameinuka, huweza kuonekana Kilimanjaro wenye mita 5,895. Asili ya jina Kilimanjaro ingali inajadiliwa na wataalamu, lakini sikio la Mswahili husikia "kilima" katika majina yote mawili, na hakuna anayeona kuwa milima hiyo imedharauliwa. Hivyo basi, tofauti ya mlima na kilima haipimwi kwa mita peke yake. Mwinuko uliosimama pekee na kuzungukwa na nchi tambarare unaweza kuitwa kilima hata ukiwa mrefu, ilhali miinuko iliyoshikamana huitwa "safu ya milima" hata kama hakuna kilele kimoja kinachotawala.

Majina ya Kikamba nayo yana mengi ya kumfunza mwanafunzi wa Kiswahili. Milima ya Mbooni, iliyo kaskazini mwa Wote, ina jina linalohusishwa na mnyama nyati. Mzizi wake ni mmoja na ule wa neno la Kiswahili "mbogo"; tofauti ni kuwa Kikamba kimedondosha konsonanti ya kati. Kiambishi -ni cha mwisho ni kile kile cha mahali kinachopatikana katika "nyumbani" na "shambani". Kwa hiyo Mbooni na Kilimambogo ni majina mawili yaliyozaliwa na mnyama mmoja katika lugha mbili za Kibantu. Mwanafunzi anayelijua hili hatatamka jina la mahali kama sauti tupu. Atalisoma kama sentensi fupi iliyoachwa na watu waliotangulia kupita hapo.

Waliotangulia walipita hapo kwa sababu maalumu. Masimulizi ya Wakamba hueleza kuwa mababu zao walitoka upande wa Kilimanjaro, wakavuka nchi ya wazi, wakafika karibu na mwamba wa Nzaui, kisha wakapanda hadi Mbooni, ambako kulikuwa na mvua na udongo wa kulimwa. Kutoka Mbooni wengine walienea hadi Iveti na Kilungu, na wengine wakavuka mto Athi wakaingia Kitui. Kwa maneno mengine, safari kati ya uwanda na milima ndiyo iliyo katika mwanzo wa masimulizi ya jamii yenyewe.

Mbuga, nyika, pori na uwanda

Maneno haya manne huchukuliwa na wengi kuwa visawe. Mjadala ufuatao unajaribu kuyatenganisha kwa kuangalia kila moja linataja sifa gani ya ardhi.

(a) Uwanda, kama ilivyokwisha kuelezwa, hutaja umbo. Uwanda unaweza kuwa na nyasi, na unaweza kuwa na mpunga au mchanga mtupu.

(b) Mbuga hutaja nyasi na, katika matumizi ya kale hasa bara, hutaja pia udongo. Mbuga ni nchi ya wazi yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hufura na kunata mvua inyeshapo na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Kwa maana hiyo Kapiti ni mbuga barabara, kwa sababu udongo wake mwingi ni huo. Udongo huo ndio mojawapo ya sababu za miti kuwa michache, kwani mizizi hukatika unapofura na kupasuka. Katika miongo ya karibuni, hata hivyo, "mbuga ya wanyama" imelimeza neno hili. Mwanafunzi akisikia "mbuga" huona lango, tiketi na watalii, na kwa hiyo hushindwa kuliita mbuga eneo ambalo watu wanaishi na kuchunga. Neno "hifadhi" lingepewa nafasi yake, "mbuga" lingerudi nyumbani.

(c) Nyika hutaja ukavu na vichaka. Nchi ya nyika ni ile ya migunga na vichaka vya miiba, ambayo hubaki ya kijivu miezi mingi na kuchipua kwa siku chache baada ya mvua. Anayetoka Wote kuelekea Makindu, Kibwezi na Mtito Andei anaingia nyikani, wala haingii mbugani. Kwa hiyo njia mbili zinazotoka katika mji mmoja humfikisha msafiri katika nchi mbili tofauti, na Kiswahili kina jina kwa kila moja.

(d) Pori hutaja uhusiano wa ardhi na makazi. Pori ni mahali pasipolimwa wala kukaliwa. Shamba lililoachwa huweza kugeuka pori, lakini haliwezi kugeuka uwanda.

Kikamba hutumia neno "weu" kwa nchi ya wazi iliyo mbali na makazi, na Kikuyu kina "weru". Mfasiri anayeligeuza "weu" kuwa "jangwa" kila mahali anaongeza ukame ambao haumo katika neno asilia. Ni afadhali afanye uamuzi kulingana na muktadha: uwanda, nyika au mbuga.

Vitenzi vya mwendo

Baada ya nomino, vitenzi ndivyo vinavyoibeba safari. Katika sehemu ya vilima, gari "hukwea" au "hupanda", "hujipinda" katika kona, "huambaa" kando ya mteremko na "huteremka" kwa breki. Kitenzi "kuambaa" kinafaa sana hapa, maana kinaeleza mwendo wa kufuata ukingo wa kitu bila kukigusa wala kukipanda. Barabara nyingi za Ukambani zimechongwa ubavuni mwa vilima, na hufanya hivyo hasa.

Gari likishavuka Kyumbi, vitenzi hivyo hupoteza kazi. Barabara hunyooka, upepo huvuma pasipo kizuizi, na dereva huongeza mwendo. Hapo ndipo nahau "kukata mbuga" au "kuchanja mbuga" inapopata maana yake halisi. Wanafunzi huikariri nahau hii kama kisawe cha "kwenda mbio", na kuitumia popote. Lakini taswira yake imejengwa juu ya nchi ya wazi: anayekata mbuga hana mti wa kuukwepa wala kona ya kuipinda, naye huipasua nchi kama kisu. Kusema kuwa basi "lilikata mbuga" kwenye kona za Kola si kosa la sarufi, bali ni kosa la macho.

Kuna pia namna za kusema zinazohusu mwanzo na mwisho: "kufunga safari", "kushika njia", "kupiga kambi", "kutua mizigo". Nyingi kati ya hizi zina harufu ya misafara ya miguu. Hilo si ajabu. Kabla ya reli, Wakamba walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakuu wa masafa marefu kati ya bara na Mombasa, wakipeleka pembe za ndovu na kurudi na nguo, shanga na shaba. Kiswahili cha safari kilikua katika njia hizo.

Jina la ardhi na haki ya ardhi

Hapa mjadala unafikia kiini chake. Mwaka 1849 mmishenari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alitoka Rabai, karibu na Mombasa, akavuka nyika hadi Kitui, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba. Akiwa huko, tarehe 3 Desemba 1849, aliuona mlima ambao aliandika jina lake kama alivyolisikia kwa wenyeji. Jina hilo ndilo lililokuja kuwa Kenya. Krapf alikuwa pia mwanaisimu. Sarufi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1850, na kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake.

Mwaka 1851 alirudi. Msafara wake na Kivoi ulivamiwa karibu na mto Tana, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki akitangatanga peke yake. Alibeba maji ndani ya mitutu ya bunduki yake kwa kukosa chombo. Nchi ile ile ambayo Kivoi na wenzake waliifahamu kwa visima na vituo vyake, kwa mgeni aliyepotelewa na wenyeji wake ilikuwa ni nyika tu. Tukio hili lina funzo kwa mwanafunzi wa semantiki: ukiwa wa mahali mara nyingi huwa katika ujuzi wa anayepatazama.

Ujuzi huo mdogo uligeuka kuwa sera. Huko pwani, jamii tisa zilibandikwa jina la "Wanyika", yaani watu wa vichakani, hadi zilipojichagulia jina la Mijikenda katika miaka ya 1940. Ukambani, serikali ya kikoloni iliihesabu sehemu kubwa ya nchi ya malisho kuwa tupu. Walowezi walipewa vilima vya Mua na mashamba makubwa ya mifugo katika uwanda, na Wakamba wakabanwa katika eneo la akiba. Ng'ombe walipozidi katika eneo hilo dogo na udongo ukamomonyoka, serikali ilisema kuwa kosa ni la wingi wa mifugo. Mwaka 1938 ilianza kuwakamata ng'ombe na kuwauza kwa bei ya chini, huku kiwanda cha nyama cha Athi River kikiwasubiri.

Wakamba walijibu kwa safari. Mwezi Julai 1938 zaidi ya watu elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliteremka kutoka milima ya Machakos, wakavuka uwanda na kufika Nairobi kumwona gavana. Walikaa huko kwa wiki kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini mwaka huo huo serikali ililegeza uuzaji wa mifugo kwa nguvu. Njia ambayo leo matatu huimaliza kwa muda mfupi iliwahi kuwa hoja ya kisiasa iliyotembea kwa miguu.

Suala hili halikuishia katika ukoloni. Uwanda wa Kapiti leo una reli iliyofika Nairobi mwaka 1899 na ile mpya iliyozinduliwa mwaka 2017. Una Konza, mji wa teknolojia ambao ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2013. Una pia ploti nyingi zilizozungushiwa seng'enge, mahali ambapo nyumbu na pundamilia walizoea kupita. Tangazo la kuuza ardhi huiita "tambarare na tupu". Mchungaji na mhifadhi hawawezi kukubali neno la pili.

Mfano mwingine uko Wote kwenyewe. Mito mingi ya Makueni hutiririka kwa msimu, na mgeni huiita "mito mikavu". Mwenyeji anajua kuwa chini ya mchanga kuna maji. Wanawake huchimba visima vifupi ndani ya mto, na jamii nyingi za Ukambani hujenga mabwawa ya mchanga ili kuyahifadhi maji hayo. Mto ukiitwa "mkavu", ni rahisi kuleta malori na kuuzoa mchanga wake kana kwamba hauna mwenyewe. Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Lugha nayo inaweza kuchangia: "mto wa mchanga" au "mto wa msimu" ni majina yanayohifadhi ukweli ambao neno "mkavu" linaufuta.

Zoezi la utunzi

Linganisha vifungu viwili vifuatavyo, ambavyo vimetungwa kwa ajili ya somo hili.

(1) Gari lilitoka Wote likapitia milima. Baadaye likapitia mbuga kubwa isiyo na kitu. Safari ilikuwa nzuri sana.

(2) Matatu iliuacha mchanga wa Kaiti na joto la Wote ikaanza kukwea. Iliambaa ubavuni mwa vilima, matuta ya mashamba yakishuka upande mmoja na kupanda upande wa pili. Ilipovuka Kyumbi, kona zilikwisha. Uwanda ulitandaa hadi Lukenya, udongo wake mweusi umepasuka nyufa, na mchungaji mmoja aliyejifunika shuka alisimama akihesabu mbuzi wake kando ya seng'enge. Dereva akakata mbuga.

Kifungu cha pili hakina neno hata moja gumu. Kinachokitofautisha ni kuwa kila nomino na kila kitenzi kimechaguliwa kwa sababu, na uwanda wake una mtu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa uwanda hutaja umbo, mbuga hutaja nyasi na udongo, nyika hutaja ukavu na vichaka, na pori hutaja kutokaliwa. Yameonyesha pia kuwa vitenzi vya safari hubadilika kadiri nchi inavyobadilika, na kwamba majina ya mahali ya lugha jirani humsaidia mwanafunzi kukielewa Kiswahili chenyewe. Zaidi ya hayo, yamedai kuwa anayeiita nchi "tupu" ametoa hukumu, hata kama alidhani anatoa maelezo. Wahadhiri wanaofundisha utunzi wanaweza kuwatuma wanafunzi waieleze njia moja wanayoifahamu, bila kutumia "kupitia" wala "nzuri sana". Na kila mwanafunzi anayerudi kwao likizo anaweza kuanza zoezi hilo dirishani mwa gari.

Maswali ya mjadala

1. Ardhi ya nyumbani kwenu ni uwanda, mbuga, nyika au pori? Toa sababu kwa kuzingatia umbo, udongo, mimea na makazi.
2. Chagua majina matatu ya mahali yenye kiambishi -ni katika lugha yako ya kwanza au ya jirani, uyachanganue.
3. Je, istilahi "mbuga ya wanyama" iachwe na mahali pake pachukuliwe na "hifadhi"? Jadili.